Nilimfundisha kazi, sasa ananizidi mshahara

SWALI: Shikamoo Shangazi. Niko kwa wakala wa forodha hapa Malaba, upande wa Uganda, mwaka wa sita sasa. Nahakiki ankara za malori yatokayo Mombasa na kuandaa tamko la forodha, ile taarifa ya mzigo inayopelekwa kwa watu wa ushuru. Kosa likitokea, napigiwa simu mimi, hata saa nane za usiku. Mwaka jana bosi alileta kijana, akasema nimfundishe. Nikamfundisha. Juzi nimekuta orodha ya mishahara imesahauliwa kwenye printa: mimi 550,000, yeye 800,000. Nilipouliza, nikajibiwa kijana ana mke na watoto, tena anaweza kwenda yadi ya malori usiku. Mimi mjane, nina watatu. Nifanyeje?
Mama Watatu, Malaba

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole. Nimekaa miaka mingi kwenye chama cha wafanyakazi, na hilo la “ana mke na watoto” nimelisikia mpaka likanichosha. Sijaona kapera akipunguziwa mshahara kwa kuwa hajaoa.

Katiba ya 1995, ibara ya 40, inataka malipo sawa kwa kazi sawa. Sheria ya Ajira ya 2006 imekwenda mbele zaidi: inataja kazi yenye thamani sawa. Hapo ndipo penye nguvu yako, maana bosi atakuja na vyeo, wewe “msaidizi”, kijana “afisa”. Muulize nani husahihisha tamko la mwenziwe kabla halijatumwa.

La yadi lina hoja kidogo, tusimwonee bosi. Anayetoka usiku alipwe posho ya usiku, iandikwe hivyo. Lakini tofauti ya 250,000 kwenye mshahara wenyewe si posho. Na simu zako za saa nane je?

Akikwambia serikali haijapanga mishahara ya watu binafsi, ni kweli kwa sehemu: kima cha chini ni kile cha 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, hakinunui hata chai na chapati za wiki. Ila kima cha chini na ubaguzi ni mambo mawili.

Ile orodha ya printa iache huko huko, wasije wakakugeuza mwizi. Afisa wa kazi wa wilaya, pale Tororo, ana mamlaka ya kudai vitabu vya mishahara mwenyewe. Wewe beba mkataba, karatasi zako za mshahara (ni haki yako kupewa kila unapolipwa), na nakala ya barua ya kumwomba bosi akueleze kwa maandishi. Siku 90 zikipita afisa hajaamua, unaweza kwenda Mahakama ya Kazi.

Kijana usigombane naye. Huenda akawa shahidi wako. Kulalamika si sababu halali ya kukufukuza. Wakikufukuza hata hivyo, una miezi mitatu ya kupeleka shauri kwa afisa huyo huyo, kwa hiyo nenda wiki ile ile.