Shokapu mbele na nyuma kwa mawe ya Mwanza: anza kukagua nyuma

Wiki hii msomaji wa Buhongwa ametuma picha za baiskeli mbili za mtumba zenye shokapu za hewa. Ya kwanza shokapu yake ya nyuma inalipa gurudumu mwendo wa milimita 150, ya pili 115. Anauliza achukue ipi, na inaonekana moyo umeshaangukia ile ya 150. Chukua ya 115, ndugu yangu, lakini usiichukue kwa ajili ya namba hiyo peke yake.

Vilima vyetu ni vifupi na vikali. Unapanda dakika chache, unashuka juu ya mabamba ya mawe, kisha unarudi kwenye lami ya Nyegezi au Igoma kugombania njia na bodaboda. Kwa mzunguko wa namna hiyo milimita 100 hadi 120 nyuma, na 120 au 130 mbele, zinatosha kabisa. Baiskeli ya 150 ina kilo za ziada, na mlimani kila ukikanyaga pedeli inabembea na kula nguvu zako. Uliza pia pembe ya shingo ya fremu, yaani mlalo wa bomba linaloshika usukani: nyuzi 68 inakata kona upesi, 66 imetulia zaidi kwenye mteremko. Kwa mawe ya huku mimi naegemea 66.

Sasa tuje kwenye kinachoua baiskeli hizi. Mchanga wetu unatokana na itale iliyomomonyoka, chembe ngumu zenye kingo kali. Zikipenya kwenye sili ya shokapu, ile mpira ya kuzuia hewa, zinafanya kazi ya msasa: zinachora shafti, yaani chuma kinachong'aa kinachoingia na kutoka, hewa inaanza kuvuja, na shafti iliyochoreka haiponi kwa kubadilisha sili. Pitisha ukucha taratibu kwenye shafti yote. Ukinasa, shokapu hiyo imekwisha, hata kama muuzaji ameifuta ikang'aa.

Soma vipimo vilivyoandikwa kwenye mwili wa shokapu, mfano 190x45. Namba ya kwanza ni urefu kutoka tundu la bolti hadi tundu la bolti, ya pili ni mwendo wa shafti. Mbadala lazima ulingane kote kuwili. Ukiona 200x51 ujue ni kipimo cha mfumo wa zamani, kabla vipimo vya milimita havijaingia mwaka 2016, na kupata mbadala wake kutakusumbua zaidi.

Kisha inua baiskeli polepole kwa kushika kiti. Ukisikia "tok" kabla gurudumu la nyuma halijaachia ardhi, bushi za shokapu zimelika. Hizo ni nafuu. Shika kiti kwa mkono mmoja na gurudumu la nyuma kwa mwingine, sukuma kushoto na kulia. Mchezo ukitokea kwenye viungo vya fremu, ni beringi, na zinaweza kuwa nane au zaidi. Kazi ya kuzitoa inataka kifaa cha kuzivuta, siyo nyundo na bisibisi! Fundi akizipiga nyundo, matundu ya fremu ya alumini yanapanuka na beringi mpya hazitashika. Shokapu ikikutwa imezama na haitaki kurudi, usiruhusu mtu yeyote aifungue. Huenda hewa imehamia chemba ya ndani, na ikiachiwa ghafla inaweza kumjeruhi.

Tenga pesa ya pampu ya shokapu. Kompresa ya kijiweni haifai: haifiki presha inayotakiwa, na chemba ni ndogo mno kwa upepo wake. Kwa kuanzia, jaza psi (kipimo cha presha) sawa na uzito wako kwa ratili. Kilo 75 ni kama psi 165. Bonyeza kiti mara kumi ili hewa igawane kwenye chemba zote mbili, kisha pima tena. Panda na mzigo wako wote, sogeza pete ya mpira iliyo kwenye shafti hadi kwenye sili, shuka bila kurusharusha. Kwa shafti yenye mwendo wa milimita 45, pete iwe imesogea kama 11, yaani robo. Ikisogea 16, ongeza hewa.

Zile mpya zenye springi nene ya chuma nyuma na bei ya kuchekesha, ziache. Nyingi hazina mafuta ya kuituliza springi, zinakurusha kama punda. Kwa pesa hiyo nunua yenye shokapu nzuri ya mbele tu.

Na ukishanunua, usiielekezee mashine ya kuoshea magari. Maji ya presha yanasukuma mchanga ndani ya sili na kutoa grisi kwenye beringi. Ndoo na kitambaa vinatosha, na sili za shokapu zifanyiwe huduma kila saa 50 hivi za kuendesha.

Kuhusu ile ya 115 ya kwenye picha: shafti ina utepe mweusi wa mafuta na vumbi. Mwombe muuzaji aijaze psi 150 mbele yako na ailaze usiku kucha. Asubuhi ukiunganisha pampu, psi 10 au zaidi kidogo zitaingia kwenye mpira wa pampu yenyewe. Huko si kuvuja. Ikisoma 100, mwambie akate bei ya shokapu nzima, la sivyo mwachie baiskeli yake.