Re: Mtoto wa miaka 7 aanze na mtindo gani wa kuogelea?

Dada, mitindo iache kwanza. Umri wake unafaa, maana Shirika la Afya Duniani linashauri kuanzia miaka 6. Mfundishe kuelea chali. Simama naye maji yakimfika kifuani, kiganja chako chini ya kisogo chake, masikio yazame, macho yatazame juu, tumbo alinyanyue. Apumue taratibu. Ukihisi kichwa kimekuwa chepesi mkononi, ondoa kidole kimoja kimoja. Wangu alichukua siku nne, mbili za kwanza ni kilio tu. Halafu ajizoeze kuanguka majini na nguo zake za kawaida, ageuke chali, apige miguu hadi ukingoni, wewe ukiwa karibu wa kumshika. Na mwenzake akizama asimrukie kabisa! Apige kelele, amtupie dumu tupu lenye kifuniko.