Usumbufu, pumbao au kughafilika?

SWALI: Kamati ya msikiti wetu hapa Malindi inataka kubandika tangazo mlangoni. Vijana wameandika: "Jiepushe na usumbufu wa kidunia wakati wa swala." Mzee mmoja amekataa, anasema usumbufu silo neno lake, lakini hakutupa jingine. Tuandikeje? Tena, ni swala au sala?

JIBU: Mzee wenu kasema kweli, ingawa si kweli yote.

Usumbufu ni kitu kinachokuudhi. Mbu husumbua, anayekudai akapiga hodi alfajiri husumbua, goti bovu husumbua ukitaka kurukuu. Sasa tazama ni nini hasa kinachomtoa mtu kwenye swala yake. Aghalabu si kero hata kidogo. Ni hesabu ya faida ya samaki wa jana, ni harusi ya wiki ijayo, ni ujumbe wa simu uliosubiriwa tangu asubuhi. Mambo matamu hayo, na moyo huyafuata wenyewe bila kusukumwa. Kuyaita usumbufu ni kuyasingizia.

Neno lake ni pumbao, na kitenzi ni kupumbaza. Huku kwetu Lamu mtoto akimlilia mamake anayetoka, bibi humbeba hadi barazani akamwonyesha punda wanaopita na mizigo: "Mtazame yule! Na yule kule!" Kabla punda wa tatu hajapita, kilio kimekwisha. Mtoto kapumbazwa. Hakuna aliyemuudhi, kapewa kizuri cha kutazama, akasahau alilokuwa akililia. Malimwengu nayo hufanya kazi iyo hiyo. (Malimwengu nalipenda kuliko "mambo ya kidunia". Ni neno letu la zamani, na sijui kwa nini tunaliona haya.)

Si mimi wa kwanza kulichagua pumbao. Sheikh Ali Muhsin Al-Barwani, katika tafsiri yake ya Qur'ani, ameyaita maisha ya dunia mchezo na pumbao kwenye Surat Al-An'am, aya ya 32. Pumbao hapo limesimama mahali pa neno la Kiarabu lahw. Na kitenzi cha shina hilo hilo ndicho alichokitumia Mtume (s.a.w.) katika hadithi ya mkewe, Bibi Aisha, iliyomo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim. Aliswali akiwa amevaa nguo yenye nakshi, jicho likaziangukia zile nakshi mara moja. Alipomaliza akaamuru ipelekwe kwa Abu Jahm, aletewe ile ya Abu Jahm isiyo na nakshi, akieleza kuwa ile ya kwanza ilimshughulisha ndani ya swala yake. Nguo ilikuwa nzuri, na uzuri wenyewe ndio uliokuwa tatizo. Wapo wanaoisimulia hadithi hii kwa kusema nguo "ilimsumbua". Kila nikiwasikia, naona kama wanasema ilikuwa inawasha.

Usumbufu nao una pahali pake. Hadithi nyingine ya Bibi Aisha, katika Muslim, inakataza kuswali chakula kikiwa kimeshaletwa, au mtu akiwa amebanwa na haja. Kubanwa ni usumbufu, hapana mjadala. Chakula ni pumbao, na kwa mwenye njaa kali ni yote mawili.

Kughafilika ni jambo la tatu. Pumbao liko nje, mghafala uko moyoni: umepumbazwa, ukaghafilika. Shina lake ni moja na la ghafla, kwani lijalo ghafla humkuta mtu ameghafilika. Usilichanganye na kusahau. Aliyesahau rakaa ana sijida ya kusahau. Aliyeghafilika aweza kuzitimiza rakaa zote nne, kisha umuulize imamu kasoma sura gani, asijue.

Wala msiandike "epuka wasiwasi". Mtaani wasiwasi ni hofu, lakini msikitini una maana yake nyingine. Mwenye wasiwasi mtamjua tangu birikani: mkono kashauosha mara tatu, bado anateka kata nyingine. Akifika safuni atatoa takbira ya kufungua swala, ataivunja, ataitoa tena, na imamu yuko kwenye rukuu. Huyo hakughafilika. Kazidisha kujichunga.

Kinyume cha haya yote Kiarabu hukiita khushui. Wafasiri huweka unyenyekevu, nami sigombani nao, ila mtu hunyenyekea hata mbele ya mwajiri wake huku moyo uko kwingine. Umakini nao ni wa dereva na fundi wa umeme. Nikiandika mimi, nitasema kuhudhurisha moyo.

Basi tangazo lenu liwe hivi: "Zima simu, usiwasumbue wenzako. Hudhurisha moyo, malimwengu yasikughafilishe." Kusumbua nimelibakiza makusudi. Simu ikilia, kwa mwenyewe ni pumbao, kwa safu nzima ni usumbufu.

Kuhusu swala na sala: Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja, huandika sala na kusali, na neno hilo hutumiwa na Waislamu na Wakristo. Sisi Waislamu wa pwani hii, Waamu wa Lamu, Wamvita wa Mombasa na ninyi wa Malindi, hutamka swala na kuswali kwa kuifuata herufi ya Kiarabu iitwayo swadi, na vitabu vingi vya dini huandika vivyo hivyo. Ukiandikia gazeti la taifa, fuata sala. Kwenye mlango wa msikiti wenu bandikeni swala bila wasiwasi, kwa maana ya mtaani. Na akija mwalimu wa shule kuwaambia kwamba swala ni mnyama, mjibuni kwa ngeli: mnyama ni swala huyu na mbio zake, ibada ni swala hii na nyakati zake.