Habasoda, sindano ya kisukari na maana ya "kila ugonjwa"

Swali: Assalaam alaykum, Sheikh. Mimi ni mama, mkazi wa Ujiji. Binti yangu ana miaka 11 na hudungwa sindano ya insulini kila siku kwa sababu ya kisukari. Muuza dawa za asili mmoja, ambaye pia hutoa mawaidha, alimwambia mume wangu kuwa Mtume (s.a.w.) amesema habasoda ni dawa ya kila ugonjwa isipokuwa mauti, na kwamba anayeendelea na sindano baada ya kuisikia hadithi hiyo anamkadhibisha Mtume. Tukanunua chupa 3 za mafuta, tukasimamisha sindano siku 2. Mtoto alipoanza kutapika nikairudisha kwa siri. Je, nimepata dhambi?

Jibu: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mama yangu, hukupata dhambi kwa kuirudisha sindano. Ulitimiza wajibu, na lau usingeirudisha, nachelea jibu langu lingekukuta matangani. Kabla hujaendelea kusoma, kama mtoto hajapimwa tangu alipotapika, mpeleke hospitali sasa hivi. Kutapika, kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara na kuhema kwa nguvu kwa mtoto mwenye kisukari si mambo ya kusubiri kesho.

Hadithi yenyewe ni sahihi. Wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra, na Bukhari ameipokea pia kutoka kwa Bibi Aisha, kwa hiyo hatubishani juu ya kuthibiti kwake. Tunabishana na aliyeichukua nusu akaiuza kwa chupa. Katika Bukhari imekuja pamoja na kisa: Ghalib bin Abjar aliugua safarini, na walipofika Madina, Ibn Abi Atiq alikuja kumtazama, akawaelekeza wenzake wachukue punje 5 au 7 za habasoda, wazisage, kisha wamdondoshee puani pamoja na matone ya mafuta, upande huu na upande huu. Hapo pana mgonjwa mmoja aliyetazamwa kwa macho, kipimo kinachojulikana na njia maalumu ya kutumia. Ndivyo walivyoitumia na bibi zetu hapa Ujiji, ambao niliwaona utotoni wakiisaga kwa ajili ya mafua na kifua, wakiichanganya na asali, au wakipaka mafuta yake penye maumivu. Sikumwona hata mmoja akimwambia aliyevunjika mguu asifungwe kwa kuwa habasoda ipo.

Ama neno "kila", wanazuoni wamelieleza tangu zamani. Al-Khattabi amesema ni tamko la jumla lililokusudiwa jambo mahususi. Ibn al-Qayyim, katika kitabu chake Zad al-Maad, amelifananisha na kauli ya Allah katika Suratul Ahqaf, aya ya 25, juu ya upepo uliowashukia kina Aad, watu wa kale walioangamizwa, "unaoangamiza kila kitu kwa amri ya Mola wake", yaani kila kinachokubali kuangamizwa. Na aya hiyo hiyo inaendelea kusema kuwa kulipokucha hayakuonekana ila maskani yao. Nyumba zilibaki, na neno "kila" limo ndani ya aya.

Tena ninamuuliza ndugu huyu: ikiwa anayetafuta tiba nyingine baada ya hadithi hii anamkadhibisha Mtume, basi anamsema nani? Mtume (s.a.w.) mwenyewe alimwelekeza mtu ampe asali nduguye aliyeumwa tumbo, akasifu kuumika (kupiga chuku), akataja udi wa Kihindi, na katika riwaya ya Abu Dawud akamwelekeza Saad bin Abi Waqqas kwa Harith bin Kalada kwa kuwa alikuwa mtu wa tiba. Mabedui walipomuuliza kama wajitibu, aliwajibu kuwa wajitibu, kwani Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Maneno ya muuza mafuta hayamtukuzi Mtume, yanampinga.

Mtoto anayehitaji insulini kila siku, kwa kawaida kongosho lake limeacha kuitengeneza, na habasoda haina insulini ndani yake. Mgonjwa wa kwanza alidungwa insulini mwaka 1922. Kabla ya hapo watoto wenye maradhi haya walikufa, hata katika nchi ambazo habasoda haikukosekana jikoni. Umewahi kufanyika utafiti kwa watu wazima wenye kisukari cha aina ya pili, ambacho kongosho kwa kawaida bado hutengeneza insulini, ukaonyesha nafuu ya sukari kwa waliotumia gramu 2 kwa siku, lakini waliitumia juu ya dawa zao, hawakuziacha.

Kwa hiyo ni haramu kumsimamishia binti yako sindano, kwa neno Lake Allah: "Wala msijitie kwa mikono yenu katika maangamizi." Na aliyewashauri amebeba mzigo mzito, kwani Mtume (s.a.w.) amesema anayetibu watu hali hajulikani kuwa na elimu ya tiba, huyo ni mdhamini wa madhara yake.

Punje chache katika chakula hazina ubaya. Mafuta ya chupani usimpe mpaka umemwambia daktari wake, kwa sababu huweza kushusha sukari, na yakikutana na insulini ikashuka kupita kiasi. Ukiambiwa uyachanganye na asali, kumbuka kuwa asali ina shifaa kwa nassi (tamko la wazi) ya Qur'ani, na pia ni sukari. Kama hamna friji, hifadhi insulini kwenye mtungi wa udongo uliolowana, mahali penye kivuli, nayo isiguse maji.

Usiendelee kumficha mumeo. Baba aliyetoa fedha kwa chupa 3 alikuwa anamtafutia mwanawe uzima, wala hakukusudia ubaya. Msomee jibu hili kwa upole, mbele ya mzee anayemheshimu, kisha nendeni wote wawili kwa daktari ili naye asikie. Fedha mliyotoa kwa ahadi ya uongo ni haki yenu kuidai, lakini sindano ya jioni ya leo isingoje muuzaji akubali kurudisha fedha hiyo. Wallahu aalam.