Huku hakuna atakayekufuata: kwa mnaoanza masta Ujerumani

Muhula wa baridi umeanza, na kwenye kundi letu maswali ni yaleyale ya kila Oktoba. "Kuna barua ya Kijerumani imekuja, niitupe?" "Mtihani unaandikishwa na chuo au najiandikisha mwenyewe?" "Naumwa, ila najikaza, kesho naingia hivyohivyo." Hili la tatu ndilo limenikalisha chini. Wadogo zangu, nawapenda sana, lakini mnanipandisha presha. Hebu tuzungumze.

1. Bandika jina lako kwenye sanduku la barua siku hiyohiyo unayopewa ufunguo, kabla hujatoa hata nguo kwenye begi. Weka na kwenye kengele. Mtu wa posta hana kazi ya kuulizia majirani. Asipoona jina, barua inarudi ilikotoka. Na huku kila kitu cha maana kinakuja kwa barua: namba ya siri ya kadi ya benki, namba ya kodi, kadi ya bima. Juzijuzi mdogo wetu mmoja kalalamikia benki wiki nzima. Nilipomtembelea nikakuta sanduku lake bado lina jina la mpangaji aliyehama. Tukalibandua kwa kucha, tukaandika la kwake kwa maka peni, tukapiga selotepu juu. Barua ya benki ikafika.

Anmeldung, yaani kusajili makazi yako kwenye ofisi ya mji, nayo ni ndani ya wiki mbili tangu kuhamia, na bila ile karatasi ya mwenye nyumba hawakusajili. Miadi itafute mapema, ukiweza kabla hujapanda ndege.

2. Barua hazipuuzwi. Ikija bahasha ya njano, usiitupe hata ukishatoa kilichomo, maana tarehe aliyoandika mtu wa posta juu yake ndiyo siku zako za kujibu zinaanza kuhesabiwa. Na ile ada ya utangazaji ya euro 18.36 kwa mwezi hulipi kwa sababu una televisheni, unalipa kwa sababu una makazi. Kwenye WG, yaani nyumba mnayopanga pamoja, analipa mmoja, wengine mnamrudishia sehemu yenu na mnatumia namba yake ya malipo kujieleza. Ukikaa kimya, deni linakua na nyongeza juu yake.

3. Hela. Zile euro 11,904 za Sperrkonto, akaunti ya viza iliyofungwa, zinatoka 992 kwa mwezi. Hilo si bumu, ni kodi ya pango, bima na chakula chako, kwa hiyo usianze kuahidi watu nyumbani mwezi wa kwanza. Kazi za kawaida mwisho ni siku 140 kamili kwa mwaka, au 280 za nusu siku. HiWi, yaani kazi ya usaidizi chuoni, haihesabiwi humo, kwa hiyo waulize maprofesa mapema. Kama hujafika miaka 30, chukua bima ya umma. Ukiomba kuachiliwa ili uende ya binafsi kwa kuwa ni rahisi, hurudi kwenye ile ya umma mpaka umalize masomo.

4. Mitihani. Hapa nitakaa kidogo.

Kwanza, unajiandikisha mwenyewe kwenye mfumo, na dirisha likifungwa limefungwa. Soma Prüfungsordnung, yaani kanuni za mitihani, ya kozi yako, si ya rafiki yako wa chuo kingine.

Pili, kujikaza. Muhula wangu wa pili nilikuwa narudia mtihani wa takwimu. Chuo chetu kilikuwa kinaruhusu kuufanya mara tatu, na mara ya kwanza nilishafeli. Usiku wa kuamkia mtihani homa ikanishika, meno yanagongana, shuka limelowa. Mwenzangu wa WG, Mjerumani, akaja mlangoni na kikombe cha chai akaniambia: asubuhi nenda kwa daktari, omba cheti, usiingie. Nikamuona mlegevu. Mimi nilifanya mock ya kidato cha sita nikiwa na malaria, na mwalimu alinisifu mbele ya darasa zima. Nimelelewa kuamini kwamba anayekimbia mtihani kwa ajili ya homa hana moyo.

Nikaingia. Kabla ya kugawa karatasi, msimamizi akauliza kwa Kijerumani kisha kwa Kiingereza kama kuna mtu anajisikia hawezi kufanya mtihani. Nilimsikia vizuri kabisa. Nikainamisha kichwa. Swali la kwanza nililisoma mara nne bila kujua linataka nini, na jasho langu likadondoka kwenye jedwali.

Matokeo: 5.0, yaani nimefeli; huku namba ikiwa kubwa ndiyo mbaya. Nikaenda ofisi ya mitihani na cheti cha daktari nilichokipata baada ya siku mbili. Mama wa pale alinisikiliza bila haraka, akanifungulia kanuni na kunionyesha mstari kwa kidole: uliulizwa, ukanyamaza, ukafanya; basi ulikuwa mzima. Ilibaki nafasi moja. Ukifeli ya mwisho umedisko, na kudisko kwa huku si kwa chuo kimoja. Kozi ileile hupokelewi tena chuo kingine Ujerumani. Kibali chako cha kuishi nacho kimesimama juu ya masomo hayohayo.

Miezi iliyofuata sikumwambia mtu. Mama akipiga simu akiuliza masomo yanaendaje, namjibu yanaenda. Kwenye sherehe zetu nilikuwa nacheka na kula na watu, nikirudi chumbani nakaa kwenye kiti na koti langu mpaka usiku wa manane. Aliyeniokoa ni kaka mmoja wa PhD aliyeniuliza swali lilelile mara mbili, akakataa jibu la kwanza. Yeye ndiye aliyenipeleka kwa mshauri wa masomo, akaniombea mitihani ya nyuma kwa wanafunzi wa Fachschaft, wale wawakilishi wa idara, akanitafutia kikundi cha kujisomea. Nikafaulu kwa 3.7, na nililia kwenye tramu.

Kwa hiyo: ukiumwa, nenda kwa daktari siku hiyohiyo na umwambie una mtihani. ED, ile karatasi ya daktari ya kupumzika kazini, mara nyingi haitoshi. Vyuo vingi vina fomu yao, ichapishe mapema ukae nayo. Ipeleke ndani ya siku zilizoandikwa kwenye kanuni. Thesis ni vivyo hivyo, muda wa ziada unaombwa kabla ya tarehe kufika. Na tafuta Hausarzt, daktari wako wa kawaida, sasa hivi ukiwa mzima, maana kuna wanaokataa wagonjwa wapya.

5. Profesa hatakuuliza umefikia wapi. Kwetu mwanafunzi anayenyamaza ana adabu. Huku wanadhani huna tatizo. Mwandikie mistari mitatu: nimefanya hiki, nimekwama hapa, naomba hiki. Hachukii. Akikosoa kazi yako kwa maneno makavu, anaikosoa kazi, na mkikutana kwenye korido atakusalimia vizuri tu.

6. Kibali. Omba miadi miezi kadhaa kabla hakijaisha, na utunze barua pepe ya kuthibitisha kwamba uliomba. Tarehe ikikaribia hujapewa kadi, dai Fiktionsbescheinigung, hati ya muda ya kukushikilia wakati ombi linashughulikiwa. Kabla ya kununua tiketi ya kwenda nyumbani Krismasi, soma imeandikwa fungu gani, kwa sababu kuna aina isiyokuruhusu kurudi ukishatoka. Mwenye nayo mkononi asiyeielewa, aipige picha afiche jina na namba, anitumie leo.