Kwenda kujitolea Grenada: usijione mwenyeji mapema

Wanaonitafuta kuuliza habari za kujitolea visiwa vya Karibiani wengi wao wameshasoma ushauri wa vijana wa Ulaya: beba dawa ya mbu, zoea joto, umeme ukikatika usishtuke. Kwa mtu aliyekulia Tanga huo si ushauri, ni Jumanne ya kawaida. Nilikaa msimu mmoja wa kasa kutaga, nikijitolea kuwapima na kuhesabu mayai yao, kaskazini mwa Grenada, karibu na mji wa Sauteurs, na yaliyonitoa jasho ni mengine kabisa.

Kubwa ni njia. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu, kwa hiyo utapitia London, Marekani au Canada, na pasipoti zetu hudaiwa viza hata ya kupita tu. Marekani hawajali kwamba hutatoka nje ya uwanja. Bila viza hupandi ndege. Hangaikia njia kwanza, miezi mingi kabla, na usilipie tiketi kabla viza haijatoka, hata ukiambiwa kesho bei inapanda. Kwenye begi la mkononi weka kadi ya chanjo ya homa ya manjano, barua ya wanaokupokea na taarifa ya benki. Utahojiwa kuliko wenzako wa safari. Jibu kwa ufupi, toa karatasi, endelea na safari yako.

Halafu pesa. Kujitolea huko hakumaanishi bure; mara nyingi unachangia malazi na chakula. Mimi sioni ubaya, ila waandikie uwaulize mchango unaenda wapi, nani atashughulikia uhamiaji muda wako ukihitaji kuongezwa, na bima ni ya nani. Majibu yatakayokuja yatakueleza mengi kuliko picha zao. Jambo la kushukuru ni kwamba dola ya Karibiani Mashariki haichezi: tangu 1976 dola moja ya Marekani ni 2.70 za kwao, kwa hiyo bajeti unayoipiga nyumbani itasimama. Vitu vya dukani ni ghali kwa sababu vingi vinakuja kwa meli. Kula vya sokoni.

Na hapo sokoni ndipo mtu wa pwani anapolewa. Shelisheli hizo, magimbi hayo, madafu, maembe, stafeli. Kungumanga imo hadi kwenye bendera ya taifa, na basibasi inaanikwa nyekundu kama tunavyoijua. Chakula chao cha taifa, oil down, ni shelisheli iliyopikwa kwa tui na manjano, juu majani ya magimbi, chungu kinafunikwa mpaka tui likauke na mafuta yabaki chini. Nilipoonja nilidhani nimepikiwa na shangazi. Sasa wewe Mwislamu sikiliza: nyama ya chumvi iliyomo humo mara nyingi ni mkia wa nguruwe. Uliza kabla hujapakuliwa, na sema mapema kwamba utakula cha samaki. Hawachukii, watakupikia.

Kufanana huko kunadanganya. Unajisahau, unaanza kuzungumza kama mtu wa hapo, na wewe si wa hapo. Ukiingia dukani au kwenye basi dogo, msalimie kila aliyemo kabla ya kutaja shida yako, ukianza na "hii bei gani?" umeshaharibu. Sisi tunajisifu kwa salamu, lakini nimewaona wenzetu wakifika ugenini wanakuwa mabubu. Nguo za mabaka kama za jeshi ziache nyumbani, kule ni kosa kisheria (Mtanzania sidhani kama anahitaji kuelezwa hili mara mbili).

Pia utaulizwa Afrika yako ni ipi. Katika kisiwa jirani cha Carriacou, ambacho ni sehemu ya Grenada, bado wanacheza ngoma ya Big Drum kwa mataifa ya mababu zao: Cromanti, Igbo, Manding, Kongo na wengineo. Ni Afrika ya magharibi na kati, si pwani yetu. Usijifanye ndugu wa kila mzee anayekuuliza. Mwambie unatoka upande wa pili wa bara, kisha mwache yeye aeleze; anajua mengi.

Kazi yenyewe ni ya usiku. Ufukwe wa Levera hupandwa na kasa noa, yule mkubwa kuliko wote, mwenye mgongo wa ngozi badala ya gamba. Mnatembea mchangani gizani, tochi ni nyekundu kwa sababu mwanga mweupe humsumbua. Usubi wanakula miguu. Usiku mwingine hapandi hata mmoja na mvua inakunyeshea mpaka alfajiri. Akipanda, mnamsubiri achimbe. Anachimba kwa mapezi ya nyuma, moja baada ya jingine, anachota mchanga na kuuweka pembeni taratibu bila kuona anachofanya. Akianza kutaga anatulia, na hapo tu ndipo unapompima na kuhesabu mayai: sabini, themanini, kisha vile vidogo visivyo na kiini vinavyodondoka mwishoni. Mkono wako uko chini ya mnyama wa kilo mia kadhaa na unasikia pumzi yake. Vijana wa pale wanaifanya kazi hii vizuri kuliko wewe. Umekwenda kuongeza mikono, basi, na ukilikubali hilo mapema utalala vizuri.

Msimu wa kasa unaingiliana na wa vimbunga, unaoanza Juni na kuisha Novemba. Ivan, Septemba 2004, kiling'oa mikungumanga karibu yote ya kisiwa, na mti huo huchukua miaka mingi kuzaa tena. Beryl, tarehe 1 Julai 2024, kilibomoa karibu kila paa la Carriacou. Kwetu pwani ya Tanga hatukukuzwa na hofu hiyo, kwa hiyo hatuiulizii. Ulizia. Jengo gani ni la kukimbilia, ufunguo anashika nani, maji ya akiba yako wapi. Anayekupokea akikosa jibu la maswali hayo matatu, tafuta mwingine wa kumfanyia kazi.