Mtandao wa nyumbani bondeni: nichague upi?

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi bondeni karibu na Wundanyi, Taita. Binti yangu amerudi nyumbani na kazi yake ni ya mtandaoni, mikutano ya video kama saa tatu kila siku. Simu zetu hushika netiweki tukiwa uani, tukiingia ndani inakata. Faiba haijafika huku. Mmoja ananiambia ninunue ruta ya 4G inayotumia laini ya simu, mwingine Starlink, mtandao wa setilaiti, na kuna kijana anayerusha mtandao kutoka kilimani. Nimsikilize nani?

JIBU: Mwalimu, hilo neno "uani" limenisaidia sana. Paa la mabati huyazuia mawimbi ya simu, kwa hiyo netiweki mnayo, ila haiingii ndani.

Kabla hujatoa hata shilingi, chukua simu ya Android, fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu, utafute nguvu ya laini. Utaona namba yenye alama ya kutoa, mbele yake dBm. Ikiwa -85 ni safi, -100 ni ya kuvumilia, ikifika -115 usitarajie mkutano wa video. Kila namba inaposhuka kwa kumi, nguvu imebaki sehemu moja ya kumi. Zunguka boma lote na laini ya kila kampuni, ukiandika. Kuna boma nililopima milimani, jikoni likasoma -114 na nyuma ya zizi -93, hatua kama thelathini tu. Kilima kilikuwa kimeziba mlingoti wa simu, na pale zizini palikuwa na upenyo. Nguzo ya kufungia ruta tuliisimamisha hapo hapo.

Kisha binti apime kasi saa nne asubuhi, na tena saa mbili usiku watu wakiwa wamerudi makwao. Namba nzuri na kasi mbovu maana yake mlingoti umelemewa, na hakuna antena itakayotibu hilo. Aangalie hasa kasi ya kupakia, ambayo wengi huisahau, kwani sura na sauti yake ndizo zinazopanda. Megabiti 3 kwa sekunde zisizoyumba zinamtosha.

Vipimo vikikubali, usinunue ruta ya mezani. Tafuta ya nje, inayofungwa kwenye nguzo. Waya wake mmoja hupeleka umeme juu na kuleta mtandao ndani, na unaweza kufika mita 100, ilhali waya wa kuunganisha antena ya nje na ruta ya mezani hupoteza nguvu kila mita. Nguzo iunganishwe na ardhi kwa waya wa shaba, maana radi za milimani hazina huruma.

Upande wa bando, saa moja ya video hula takriban gigabaiti moja. Saa tatu kwa siku 22 za kazi ni 66, kabla wewe hujatazama habari. Wakikuambia "bila kikomo", waulize kasi hupunguzwa baada ya gigabaiti ngapi.

Starlink iko Kenya tangu Julai 2023. Setilaiti zake huzunguka kwenye kimo cha chini ya kilomita 600, ilhali za mitandao ya setilaiti ya zamani zilikuwa karibu 36,000, ndiyo maana sauti zilichelewa. Laini zote zikishindwa, hiyo ndiyo ningechukua. Lakini dishi linataka anga wazi, na tawi la mparachichi linaweza kukata mkutano kwa sekunde kadhaa, tena na tena. Programu yao hukuonyesha vizuizi kwa kamera ya simu kabla hujanunua. Halafu kuna stima. Dishi la kawaida hula wati 50 hadi 100, ruta ya 4G kama 10. Ikiwa sola yenu ni ya taa na kuchaji simu, dishi litaimaliza mapema usiku.

Kijana wa kilimani usimpuuze. Ukipanda paani ukauona mnara wake bila kilima wala mti katikati, anaweza kukufaa, na kitu kikiharibika yuko karibu. Muulize leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, kisha umtembelee mteja wake mmoja jioni, uone mwenyewe.

Kwa ulivyoeleza, ningeanza na ruta ya nje ya 4G, mradi uani pasome -100 au bora zaidi na kasi ya usiku isianguke. Niandikie namba za pembe zote nne za boma, na laini ipi ilisoma nini, nikuambie nguzo isimame wapi.